Gari la Binti Yangu Lisilo na Pistoni

Mwaka huu alikuja kwangu kijana mmoja kutoka Ngara mjini, ameshika simu yenye picha ya gari alilonunua. Kabla yake bwana mmoja wa Kahama alinipigia kwa shida hiyohiyo. Wote wawili wamepata gari la namna ya lile la binti yangu, na wote walitaka kujua waanze kubadilisha nini ili likimbie zaidi. Niliwaambia kwanza kwamba mimi si fundi. Mimi ni katekista mstaafu wa Murusagamba. Nimefundisha watoto Komunyo ya Kwanza, nimeongoza ibada za Jumapili padri asipofika, na kwa miaka kadhaa niliendesha gari la parokia na kulitengeneza lilipogoma njiani. Ninachojua juu ya gari la binti yangu nilikipata nikiwa nimekaa kwenye benchi la karakana moja pale Biharamulo, nikimwangalia mtu aliyenizidi subira. Namshukuru Mungu kwa benchi lile.

Binti yangu ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya Biharamulo. Tangu shule ya msingi alikuwa akichora injini nyuma ya daftari lake la dini, nami nilijifanya sioni. Alipopata gari lile, jekundu lililopauka, la milango miwili, la Kijapani, lenye taa za mbele zinazofumbuka kama macho ya chura, alinipigia simu akicheka peke yake. Mwenye nalo wa kwanza alilichoka kwa sababu lilikuwa likimaliza oili. Binti yangu alijua kitu ambacho yule hakukijua: injini ile imeumbwa kunywa oili kidogokidogo, na anayeinyima anaiua.

Nieleze injini yenyewe, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Ndani yake hamna pistoni za kupanda na kushuka. Kuna kipande cha chuma chenye pembe tatu, mfano wa sambusa iliyovimba ubavuni, kinachozunguka ndani ya chumba cha mviringo uliobanwa katikati. Vyumba ni viwili, sambusa mbili. Kwenye kila pembe kuna utepe mwembamba wa chuma unaozuia pumzi isitoroke. Juu ya hapo kuna tabo, feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo husukuma hewa ndani kwa nguvu. Injini ni ndogo hata unaweza kuikumbatia, lakini nguvu yake ni ya ajabu. Nimesikia injini nyingi katika maisha yangu. Hakuna niliyoisikia ikipanda kwa sauti laini vile, bila kutikisika, kama mtu anayeimba wimbo mrefu bila kuvuta pumzi.

Uzuri huo una sharti. Zile tepe za pembeni zikipasuka, injini imekwisha, na katika wilaya zetu mbili, Ngara na Biharamulo, hakukuwa na nyingine ya kuwekwa mahali pake. Binti yangu alilijua hilo. Lakini pia alikuwa ameandikisha jina kwenye mashindano ya magari huko Mwanza, mwishoni mwa kiangazi, na hakutaka kwenda na gari kama lilivyotoka kiwandani. Alitaka presha ya tabo iongezwe, na ekzosi pana inayopumua bila kizuizi. Wakati huohuo kaka yake, mwanangu wa kwanza, alikuwa akimwambia kila wiki, "Dada, toa hilo debe, weka injini ya mchomoko, utembee kama watu." Mchomoko ndiyo yale magari madogo ya abiria ya kwetu, yanayobeba watu, kuku na magunia, na ambayo kila fundi wa barabarani anayajua akiwa amefumba macho.

Kabla ya mashindano alitaka gari libarikiwe, nyumbani. Murusagamba halikuweza kufika. Gari limekaa chini kuliko kuku anayeatamia, na barabara yetu inajulikana. Tukakubaliana tukutane kwenye kanisa moja lililo kando ya lami, siku ya kubariki vyombo vya moto.

Kwetu ibada hiyo ina utaratibu wake. Magari na pikipiki hupanga mstari kutoka barabarani hadi mlangoni mwa kanisa. Chombo kinapofika mbele ya padri, hicho na vyote vilivyo nyuma yake huzima injini kwa heshima ya sala. Sala ikiisha, maji ya baraka yakishanyunyizwa, kila mmoja anawasha, anasogea hatua chache, anazima tena. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha madereva wa kigango chetu utaratibu huo, na niliwakemea waliounguruma wakati wa sala. Siku ile binti yangu alikuwa wa tisa kwenye mstari. Akawasha, akasogea, akazima. Akawasha, akasogea, akazima. Mimi nilisimama pembeni na rozari mkononi, nikijivunia adabu yake.

Alipofika wa tatu, gari halikuwaka. Stata ilizunguka na kuzunguka, harufu ya petroli ikajaa uwanja mzima.

"Limeyakimbia maji ya baraka!" dereva wa lori la ndizi alipiga kelele. "Padri, lirushie kwa mbali!"

Bibi mmoja wa kwaya akadakia, "Hilo lina pepo. Macho yenyewe mnayaona?"

"Bibi, hata wewe asubuhi huwaki mara moja," mtu alimjibu, na kicheko kikavuma hadi kwa padri, ambaye alikuja na kikombe chake cha maji, akalibariki palepale lilipokwama. Kisha akaniinamia sikioni. "Mwalimu, mimi nimefanya la kwangu. La plagi siliwezi."

Nilicheka na wengine. Binti yangu hakucheka. Alikaa ndani, mikono kwenye usukani, na nilipomfungulia mlango aliniambia kwa sauti ndogo, "Baba, nadhani nimeiua."

Lori lilelile la ndizi ndilo lililolivuta kwa kamba hadi Biharamulo. Njiani mwanangu wa kwanza alinipigia simu mara mbili kuuliza kama sasa tumekubali habari ya mchomoko.

Fundi tuliyepelekwa kwake ni Msukuma. Baba yake alihamia Nyabusozi na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, na yeye mwenyewe alifanya kazi miaka mingi Dar es Salaam, kwenye karakana ya magari ya mbio, kabla ya kurudi kuangalia mifugo na kufungua karakana yake. Hajabatizwa. Ana njia za wazee wake, na hilo aliniambia siku ya kwanza, kwa heshima, ili nisije nikapoteza muda kumwinjilisha. Nilipoteza kidogo hata hivyo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tumekuletea mgonjwa."

Hakufungua boneti. Alivuta benchi, akatukaribisha, akamwomba binti yangu asimulie tangu gari lilipotoka nyumbani kwake. Alipofika kwenye habari ya kuwasha na kuzima mstarini, fundi aliinua mkono.

"Madam, mara ngapi?"

"Sita. Labda saba."

"Ikiwa baridi?"

"Baridi."

Akatazama chini, nikaona mabega yake yanatikisika. "Mmeinywesha petroli kwa sala," alisema. Kisha akatueleza. Injini hii ikiwashwa baridi hupewa petroli nyingi. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli ile hubaki ndani, hulowesha plagi na kuosha oili iliyokuwa inaziba pembe za sambusa. Ukirudia mara saba, hakuna kinachobaki cha kushika pumzi. "Injini hii ukishaiwasha, ipe muda wake. Hata kama ulitaka kuisogeza kivulini tu, iache iungurume hadi ipate moto, ndipo uizime."

Nilikuwa mtu mzima wa miaka sabini na zaidi nikigundua kwamba heshima niliyoifundisha ndiyo iliyoligomesha gari la binti yangu. Nilimwambia hivyo fundi. Akasema, "Mwalimu, mlifanya vizuri kwa Mungu. Kwa plagi, hapana."

Alizitoa plagi zote, akakata umeme wa pampu ya mafuta, akazungusha injini mpaka petroli ikaruka nje kama mvuke. Baada ya hapo aliinamisha kijiko cha oili kwenye kila tundu, taratibu, kama anayemnywesha mtoto dawa. Kabla ya kurudisha plagi alituita.

"Sikilizeni. Hapa ndipo injini inasema kama iko hai."

Alizungusha tena, mikono yake ikiwa karibu na tundu. Kila sambusa ina nyuso tatu, na kila uso ukipita hutoa pumzi moja. Zikilingana, tepe ni nzima. Puf, puf, puf. Akahamia chumba cha pili. Puf, puf, puf. Binti yangu aliweka mkono mdomoni.

"Tatu kwa tatu," fundi alisema, akanikonyeza. "Mwalimu, si ndiyo hesabu yako hiyo?"

"Utatu usiuchezee," nilimwambia.

"Siuchezei. Nausikiliza."

Gari liliwaka na wingu la moshi mweupe lililowafanya majirani wafunge madirisha. Ningedhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza, kwa sababu binti yangu alitoa orodha yake: presha juu, ekzosi pana, mashindano.

Fundi aliisoma yote. Hakumbeza, na hilo lilinipendeza. Alimuuliza jambo moja tu: "Nyumbani kwetu tukimfundisha maksai kulima, tunamfunga nira peke yake, bila jembe. Anatembea nayo siku nyingi. Unajua kwa nini?"

"Azoee uzito."

"Tujue kama shingo yake ina kidonda. Ukimfunga jembe siku ya kwanza, utakijua kidonda baada ya kumuua."

Kwa majuma yaliyofuata niliyaona hayo kwa macho. Nilikuwa nikifika Biharamulo kila nilipopata usafiri, nalala kwa binti yangu, asubuhi nakaa kwenye benchi. Fundi hakugusa presha. Alianza na maji. Alitoa rejeta, akaizibua, akatupa mipira yote iliyozeeka na kile kikopo cha plastiki cha maji ambacho, alisema, hupasuka bila kuaga. "Injini nyingine ikichemka, unaipoza, unaendelea. Hii ikichemka mara moja, umeaga." Akafunga geji mpya: ya joto la maji, ya oili, ya presha ya tabo, kwa kuwa zile za kiwandani, kwa maneno yake, husema ukweli msiba ukishatangazwa. Kwenye geji ya presha alichora mstari kwa rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, akisema hapo ndipo petroli ya sasa inapoishia. Juu ya mstari ule hewa inaendelea kuja lakini petroli haitoshi, na moto ndani ya chumba unalipuka kabla ya zamu yake. Tepe zinavunjika kama biskuti.

Jioni aliviacha vifaa vimepangwa juu ya turubai kwa mpangilio ambao hata sakristia yetu haina. Nilimwona akirudia kufunga bomba moja mara tatu kwa kuwa halikukaa kwa namna aliyoitaka, ingawa halikuvuja. Nimewafundisha watu sala maisha yangu yote, na ni wachache niliowaona wakisali kwa makini kama mtu yule alivyofunga nati.

Shida ilikuja na ekzosi. Mchomeleaji mmoja aliitengeneza mapema, pana, inang'aa, nzuri kweli. Nozeli kubwa za kunyunyiza petroli zaidi, tulizokuwa tumeagiza, na kompyuta ya kuziongoza zilikuwa bado hazijafika. Mzigo ulikwama huko mbali. Mashindano yalikuwa yamebaki majuma mawili. Binti yangu alitaka ekzosi ifungwe. Fundi alikataa.

"Ni bomba tu," binti yangu alisema. "Presha siigusi."

"Madam, huigusi wewe. Itajigusa. Moshi ukitoka kwa urahisi, tabo inazunguka zaidi, hewa inaongezeka yenyewe. Subiri nozeli."

Usiku ule hakula. Asubuhi alinimiminia chai na kuniambia, bila kunitazama, "Baba, wewe ukimwambia hatakataa. Wewe ni mzee."

Nilijua ni kweli, na nilijua si haki. Mtu wa malezi yale hamkatalii mwenye mvi akiombwa mbele ya watu. Lakini nilikumbuka uso wa binti yangu siku ile uwanjani mwa kanisa, wote wakicheka, na mimi nikicheka nao. Nikaenda. Nikaomba.

Fundi aliipangusa ile ekzosi kwa kitambaa. "Ukisema wewe, Mwalimu, nitafunga," alisema. "Ila utakaa kiti cha mbele. Macho yako yasitoke kwenye geji hii. Sindano ikigusa rangi ya kucha, useme aachie mafuta. Yeye ataangalia barabara, hawezi kuangalia vyote."

Ekzosi ilipokwisha kufungwa, mimi na binti yangu tulitoka saa nne asubuhi kwenye lami inayoelekea Nyakanazi, mahali inaponyooka na msitu uko pande zote mbili. Binti yangu alilipasha moto kwa uvumilivu, kilomita nyingi za mwendo wa ng'ombe. Kisha, barabara ikiwa tupu, akaweka gia ya tatu na kukanyaga.

Sijui niieleze vipi. Mgongo wangu ulishikana na kiti. Sauti ilipanda, ikapanda, bila kukwaruza, na miti ikawa ukuta mmoja wa kijani. Sindano ilipanda pamoja na sauti. Niliiona ikifika kwenye mstari mwekundu. Niliiona ikipita. Na mimi, niliyepewa kazi moja tu, nilikaa kimya kwa kitambo cha nusu pumzi, kwa sababu nilikuwa nimefurahi mno.

Neno lililonitoka halikuwa hata la Kiswahili. "Reka!"

Aliachia mafuta palepale. Kihangaza chetu amekisikia tangu tumboni, na alijua nimesema acha. Gari likapungua mwendo, akaliegesha pembeni bila kulizima, kama alivyofundishwa, ili tabo ipoe. Tukakaa tukiisikiliza ikiunguruma.

Mtu mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi alisimama. "Mzee, limekwisha mafuta?"

"Hapana. Linapumzika."

"Zuri hivyo nalo linachoka?" Akaenda zake akicheka.

Binti yangu aligeuka. "Ilifika wapi, Baba?"

"Ilipita mstari. Upana wa kidole."

"Ulichelewa kusema."

"Nilichelewa, mama. Nilikuwa nafurahi."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. "Na mimi nilikuwa nafurahi," alisema. "Hilo ndilo linalonitisha."

Tulirudi taratibu. Fundi alikuwa amesimama langoni. Nadhani hakukaa tangu tuondoke. Alisubiri injini ipoe vya kutosha, akatoa plagi, akazigeuza juani. Ncha zake zilikuwa zimepauka kuliko inavyotakiwa. "Ilionja moto," alisema. Kisha akakata umeme wa pampu, akasogeza mikono kwenye tundu, nasi tukasogea.

Chumba cha kwanza: puf, puf, puf. Akahamia cha pili. Puf. Puf. Nimesimama kando ya vitanda vya watu wanaokata roho, na nakiri kwamba sikuwahi kuisubiri pumzi ya tatu kwa hofu kama ile. Puf.

Binti yangu alichuchumaa chini, kichwa magotini. Fundi alizungusha tena kuhakikisha, na tena. Zililingana.

Nilimfuata alipokwenda kunawa. "Nakuomba radhi," nilimwambia. "Nilitumia mvi zangu kukulazimisha jambo ulilolijua kuliko mimi. Si uzee huo."

Aliendelea kusugua oili kwenye vidole. Nilidhani amekasirika. "Kwetu mzee haombi radhi kwa fundi," alisema hatimaye. "Anapewa spana." Akanipa ya namba kumi na nne.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyelala chini kwenye turubai, na mgongo wangu huu, nikafungua nati za ekzosi ile nzuri moja baada ya nyingine, fundi akiniangazia na kuniambia nisiilazimishe ile yenye kutu. Juu yetu nilimsikia binti yangu akiongea na simu. Alikuwa akiwaambia watu wa Mwanza wafute jina lake. Hakutoa sababu ndefu. Alisema gari bado linajifunza nira, na huko upande wa pili lazima hawakumwelewa, maana alirudia mara mbili.

Jumamosi ya mashindano ilitukuta karakana. Nozeli zilikuwa zimefika Alhamisi. Fundi aliziweka mezani juu ya kitambaa safi, binti yangu akazipima moja moja akiandika kwenye daftari la maandalio ya masomo, na mimi nikawa na kazi ya kushika chupa ya petroli isidondoke. Saa sita, wakati wa sala ya Malaika wa Bwana, nilisimama kusali. Fundi akaweka spana chini, akanyamaza mpaka nilipomaliza, kisha akaniuliza kama nozeli ya tatu, aliyokuwa akiifunga, naiona imenyooka au macho yake yanamdanganya. Ilikuwa imepinda kidogo. Akaitoa, akaanza upya.